Minazi Imetajwa, Miembe Je?

Sheria ya Hatimiliki za Ardhi, iliyotungwa mwaka 1908 kwa ajili ya mwambao wa Kenya, ilikuwa na kifungu kimoja kinachofaa kusomwa taratibu. Kilisema kwamba aliyepewa cheti cha kumiliki ardhi atahesabiwa pia kuwa ndiye mwenye minazi, nyumba na majengo yaliyomo, isipokuwa kama cheti chenyewe kimeandikwa vingine. Minazi imetajwa. Miembe haikutajwa, wala mikorosho, wala mikwaju, ilhali shamba kongwe la Kilifi lisilo na mwembe hata mmoja ni la kutafutwa kwa tochi.

Na huku pwani mti na ardhi si lazima viwe na mwenyewe mmoja. Mtu huweza kurithi minazi iliyosimama kwenye shamba la mwenzake. Mjini, mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine akawa analipa kodi ya ardhi tu. Ndiyo ile nyumba bila ardhi inayojulikana Mombasa, Malindi na Lamu. Kwa hiyo swali si la wanazuoni peke yao, lina pesa ndani yake. Mwenye cheti akikuta shambani miembe aliyoipanda mtu mwingine, kimya cha kifungu kile kinampa miembe hiyo au kinamnyima? Unaweza kusema sheria ilitaja mti mmoja kwa jina, na ingetaka miti yote ingesema miti. Unaweza pia kusema ilitaja mnazi kwa kuwa ndio mti wa pwani, na mingine inaufuata. Zipo kanuni nyingine za ardhi zinazoweza kumaliza ugomvi huo kwa njia yake. Hapa nataka tulitazame kama swali la usomaji: maneno ni yale yale, wasomaji wawili wenye akili timamu, na majibu mawili.

Ninachodai ni hiki. Neno la jumla likikaa jirani na neno mahsusi, maneno yenyewe hayaamui kitu. Huamua kanuni aliyokuja nayo msomaji kabla hajafungua kitabu. Walioliona hilo mapema wakalisema hadharani ni marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, kisha wanausuli, wataalamu wa Kiislamu wa misingi ya kufasiri sheria, ambao vitabu vyao vimesomwa katika vyuo vya pwani yetu kwa karne nyingi. Mahakama za leo hufanya kazi hiyo hiyo, lakini mara nyingi hazitangazi.

Tuanze na marabi. Mapokeo yao yanasema Hillel, aliyefundisha Yerusalemu katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alikuwa na kanuni 7 za kufasiri Torati. Rabi Ishmael, wa karne ya 2 baada ya Kristo, anahesabiwa kuwa na 13. Orodha yake imewekwa mwanzoni mwa Sifra, ufafanuzi wa kale wa Mambo ya Walawi, na imo katika vitabu vya sala ya asubuhi vya Wayahudi hadi leo. Kati ya hizo 13, kanuni 8 zinahusu jambo moja tu: jumla na mahsusi zikikutana, nani amfuate nani.

Jibu la Ishmael linategemea mpangilio. Jumla ikitangulia na mahsusi ikafuata, basi jumla haina zaidi ya kile kilichotajwa. Sura ya kwanza ya Mambo ya Walawi inamwambia Mwisraeli anayetaka kutoa sadaka ya mnyama alete katika ng'ombe au katika kundi la kondoo na mbuzi. Mnyama ni jumla. Ng'ombe, kondoo na mbuzi ni mahsusi. Kwa hiyo hao tu. Swala hapandi madhabahuni, hata awe mnono vipi na hata awe halali kuliwa.

Geuza mpangilio, na hukumu inageuka. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mtu anampa jirani yake amtunzie punda, au ng'ombe, au kondoo, au mnyama yeyote. Hapa mahsusi imetangulia, jumla ikaja nyuma. Ishmael anasema jumla iliyokuja mwisho imeongeza kila kitu: punda, ng'ombe na kondoo wamekuwa mifano, na amana ya mnyama yeyote inaingia. Msomaji wa Biblia asiyejua kanuni hii atapita juu ya sentensi hizi mbili bila kuhisi tofauti yoyote kati yao. Kwa Ishmael ni sheria mbili zenye upana tofauti kabisa.

Lakini mahali palipowanoa marabi zaidi ni pale mahsusi inapobanwa kati ya jumla mbili. Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, inamruhusu msafiri aliyeuza zaka yake akaenda Yerusalemu na fedha mkononi anunue chochote roho yake inachotamani, kisha inataja ng'ombe, kondoo, divai na kileo, kisha inarudi kusema chochote roho itakachotaka. Jumla, mahsusi, jumla. Kanuni inasema: usichukue vilivyotajwa peke yake, wala usichukue kila kitu, chukua kila kinachofanana na vilivyotajwa. Kufanana kwa nini, sasa? Hapo ndipo kazi ilipo. Jibu moja lilikuwa: vilivyotajwa vyote ni zao litokanalo na zao, na vimekua kutokana na ardhi. Kwa hiyo maji hayamo, chumvi haimo, uyoga haumo. Jibu la pili likasema ni uzao wa uzao wa ardhi. Yanakaribiana mno majibu hayo, mpaka Talmudi yenyewe, mkusanyiko wa mijadala ya marabi, ikauliza tofauti yao ni ipi. Abaye, mwalimu wa Babeli wa karne ya 4, akajibu: samaki. Kwa kipimo cha kwanza samaki anahesabiwa kuwa amekua kutokana na ardhi. Kwa kipimo cha pili ametoka, kwa kuwa aliumbwa majini. Mvuvi wa Mayungu, hapa jirani na Malindi, angelipenda kusikiliza mjadala huo, maana kipato chake kizima kingelitegemea sifa gani imeonekana katika ng'ombe na divai.

Kanuni hiyo hiyo iliwekwa juu ya malipo ya mwizi. Kutoka 22:9 inazungumzia kila jambo la kukosana, inataja ng'ombe, punda, kondoo na nguo, halafu inamalizia kwa kila kitu kilichopotea. Vilivyotajwa, marabi wakasema, ni vitu vinavyohamishika na vyenye thamani yao wenyewe. Basi malipo maradufu yanahusu vitu vya namna hiyo. Ardhi imetoka, kwa kuwa haihamishiki. Watumwa wametoka, kwa kuwa walilinganishwa na ardhi. Hati za madeni na za mali zimetoka, kwa kuwa karatasi yenyewe haina bei. Nikiisoma orodha hiyo ya vilivyotolewa nikiwa Kilifi siwezi kujizuia: ardhi, watumwa na hati, vitu vitatu ambavyo historia ya kudhulumiana katika mwambao huu ingekuwa fupi sana bila ya hivyo.

Hata hivyo Ishmael hakuwa peke yake. Talmudi inasimulia kwamba yeye alijifunza kwa Nehunya ben Hakanah njia ya jumla na mahsusi, na mwenzake Rabi Akiva akajifunza kwa Nahum wa Gamzu njia nyingine, ya kupanua na kupunguza. Kwa njia ya Akiva, neno pana, kisha neno finyu, kisha neno pana tena, huingiza kila kitu, na neno finyu la katikati limekuja kutoa kimoja tu kilicho mbali kuliko vyote. Mfano maarufu ni kinara cha hekalu. Andiko linaagiza kinara, linataja dhahabu safi, linarudi kwenye kinara. Kwa njia ya kwanza vyombo vya ibada viwe vya madini, kwa kuwa dhahabu ni madini. Kwa njia ya pili hata mti unafaa. Kilichotolewa ni udongo tu. Aya moja, hekalu moja, na seremala ama ana kazi ama hana.

Wanahistoria wana shaka yao hapa, na si ya kupuuzwa. David Daube alitoa hoja mwaka 1949 kwamba kanuni za Hillel zinafanana na mbinu za ufasaha za Wayunani, na mjadala wa kiasi cha kuathiriwa huko unaendelea. Shaka kubwa zaidi ni kama kanuni ilizaa hukumu au hukumu ilikuwepo na kanuni ikaitwa baadaye kuja kuitetea. Hakuna aliyengoja Ishmael azaliwe ndipo ajue kwamba swala hatolewi sadaka. Naikubali shaka hiyo kwa kesi nyingi. Haivunji dai langu, kwa sababu kanuni iliyotangazwa, hata kama iliingia kwa mlango wa nyuma, inamfunga aliyeitangaza: kesho akitaka hukumu nyingine kwa sentensi yenye mpangilio ule ule, wanafunzi wake watamuuliza.

Marabi walikuwa na mlango mwingine pia, na huu unatufikisha moja kwa moja kwenye minazi. Torati inamtoza mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi, akatumbukia humo ng'ombe au punda. Je, mbuzi akitumbukia? Mishna, kitabu cha sheria cha marabi, inajibu kwamba wanyama wote ni sawa, na kwamba andiko lilitaja ng'ombe na punda kwa kuwa limezungumza juu ya lililo la kawaida. Lakini neno lile lile la ng'ombe walilisoma vilevile kuwa linamtoa mwanadamu, na neno punda kuwa linatoa vyombo. Kwa hiyo orodha moja imefunguliwa upande wa wanyama na kufungwa upande wa watu na vitu. Yeyote anayedhani orodha ama ni wazi ama imefungwa, basi, aanze upya.

Kifungu cha 1908 hakina neno la jumla kabla ya minazi. Ni mlango huu wa tatu ndio unaokifaa. Mtunga sheria wa kikoloni aliyetazama pwani aliona minazi, mali iliyohesabiwa mti kwa mti, ikiuzwa na kuwekwa rehani. Kusema alizungumza juu ya lililo la kawaida ni hoja nzuri. Kusema aliteua kwa makusudi mti uliokuwa na soko lake mwenyewe, akaacha mingine, ni hoja nzuri pia. Mimi naegemea ya kwanza, na sheria ile ilikwisha kufutwa mwaka 2012 kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, lakini vyeti vilivyotolewa chini yake havikufutika vichwani mwa watu.

Tuvuke sasa kwenye elimu ambayo pwani imeilea yenyewe. Waislamu wa mwambao kwa wingi wao ni Washafii, na Imam Shafii, aliyefariki mwaka 204 wa Hijria, sawa na 820, ndiye aliyeandika Risala, kitabu cha mapema kuliko vyote vilivyotufikia katika kupanga elimu ya usuli. Sehemu kubwa ya Risala ni suala letu hili hili: neno la jumla lililokusudiwa ujumla wake, neno la jumla lililokusudiwa baadhi tu, na namna ya kuvitambua. Msimamo uliojengwa na madhehebu yake ni kwamba neno la jumla hubaki jumla mpaka ije dalili ya kulihusisha. Na dalili hiyo inaweza kuwa hadithi iliyopokewa na mtu mmoja mmoja. Wahanafi, wafuasi wa madhehebu mengine ya Kisunni, hawakubali hilo la mwisho kwa wepesi, kwani kwao jumla ya Qurani ni ya yakini, na yakini haipunguzwi kwa dhana. Tofauti hiyo imefika mpaka buchani. Qurani inakataza kula kisichotajiwa jina la Mungu, na kwa Hanafi mchinjaji aliyeacha bismillahi kwa makusudi ameiharibu nyama. Mshafii, kwa hadithi alizonazo, anaiona bismillahi kuwa sunna na nyama kuwa halali.

Mirathi inaonyesha zaidi. Sura ya Nisaa inausia juu ya watoto kwa neno la jumla: watoto wenu. Kwa hadithi, aliyemuua mrithiwa ametolewa, na asiye Mwislamu ametolewa kwa mzazi Mwislamu. Katika vijiji vya Kaunti ya Kilifi hili si jambo la kitabuni. Nyumba ya Kigiriama yenye baba aliyesilimu, mtoto wa kwanza Mwislamu, wa pili Mkristo, na mama anayeshika mila za kaya, ni nyumba ya kawaida kabisa.

Ila penye mafunzo makali zaidi ni kanuni nyingine ya wanausuli: kumtaja mmoja wa walio katika jumla, kwa hukumu ile ile ya jumla, hakuipunguzi jumla. Mfano wao wa vitabuni ni wa ngozi. Ipo hadithi kwamba ngozi yoyote ikishadibighiwa imetoharika. Ipo nyingine ya mbuzi wa nyumba ya Maimuna, mke wa Mtume: mbuzi huyo alikufa bila kuchinjwa, na Mtume akawauliza wenyewe kwa nini hawakuitumia ngozi yake. Mwanafiqhi Abu Thawr akasema hadithi ya pili imeibana ya kwanza, basi hukumu ni ya wanyama wanaoliwa. Wanausuli walio wengi wakamkatalia: kumtaja mbuzi ni kumtaja mbuzi, hakukuwatoa wengine. Na wakaongeza kwamba mahsusi huweza kutajwa baada ya jumla kwa kutukuzwa tu, kama Qurani inavyoagiza kuhifadhi sala, kisha ikaitaja sala ya katikati.

Linganisha na Ishmael. Jumla kisha mahsusi: kwake jumla imekufa, kimebaki kilichotajwa. Kwa Mshafii jumla ni nzima, na kilichotajwa kimepata heshima ya ziada. Ni sentensi moja, na hukumu zimepishana kama mchana na usiku. Hata hivyo wanakutana tena kwenye shimo la ng'ombe: wanausuli nao wanasema neno huweza kutoka kwa kuwa ndilo lililozoeleka, na ndiyo sababu wengi wao hawakufanya kulelewa nyumbani kuwa sharti la uharamu wa kumuoa binti wa mke, ingawa aya imetaja mabinti walio katika malezi yenu.

Kuna tawi jingine ambalo nalileta kwa sababu ya mahali tulipo. Katika kafara ya kuua bila kukusudia, Qurani inataka kuachwa huru mtumwa muumini. Katika kafara ya yamini, yaani kiapo, na ya dhihari, yaani mume kumfananisha mkewe na mamake, inataja mtumwa tu. Hanafi anaacha kila aya na upana wake. Shafii anaichukua iliyoachwa wazi akaibana kwa iliyofungwa: mtumwa awe muumini kote. Malindi ilifufuliwa kuanzia miaka ya 1860 kwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa, wengi wao wakiletwa kutoka kusini na si Waislamu. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar mwaka 1907. Katika muda wote wa katikati, kanuni hii ya usomaji, ambayo mtumwa hakuwahi kuisikia, ilikuwa na maana kwamba bwana aliyevunja kiapo na kutaka kulipa kafara kwa kuacha huru, kwa kitabu cha madhehebu yake, hakuweza kuilipa kwa huyo asiyesilimu.

Basi nasi tuna sentensi yetu. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walibadilishana barua juu ya ukanda huo wa Sultani, ukanda wa maili kumi, na ahadi mojawapo ilikuwa kwamba mahakama za kadhi zitabaki. Sheria ya mwaka 1967, kisha ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, zikaweka mipaka: kadhi ataamua masuala ya sheria ya Kiislamu kuhusu hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka au urithi, pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na, kwa Katiba ya 2010, kukubali kwenda mbele yake. Kwanza hadhi ya mtu binafsi, kisha ndoa, talaka, urithi. La kwanza ni pana. Matatu yaliyobaki ni vipande ambavyo kwa kawaida huhesabiwa humo humo.

Mama na baba wameachana Malindi na wanagombea mtoto. Malezi ya mtoto hayakutajwa. Yamo?

Kwa Ishmael hayamo: jumla imefuatwa na mahsusi, na jumla haina ila mahsusi. Kwa Akiva yamo, maana huwezi kusema malezi ndiyo kitu kilicho mbali kuliko vyote na ndoa. Kwa kadhi aliyesoma usuli wa Kishafii yamo bila wasiwasi: kutajwa kwa ndoa hakukuitoa hadhana, yaani malezi ya mtoto. Wakili aliyefunzwa kwa sheria ya Kiingereza atataka kuleta kanuni yake aipendayo, ejusdem generis, lakini hiyo haimsaidii. Hiyo ni ya mpangilio wa kinyume, mahsusi kwanza na jumla nyuma, na hubana jumla ibaki katika jinsi ya vilivyotangulia. Mpe jaji wa Kiingereza punda, ng'ombe, kondoo na mnyama yeyote, atakuambia mifugo. Ishmael alikuambia mnyama yeyote ni mnyama yeyote. Kwa mpangilio wa ibara ya 170 jaji hana kanuni ya Kilatini ya kushika, na labda ndiyo maana majaji wa Mahakama Kuu hawakuwa na kauli moja juu ya malezi. Wapo waliosema ni sehemu ya hadhi ya mtu binafsi, wapo waliosema ni ya Mahakama ya Watoto kwa sheria yake yenyewe. Ukisoma hukumu za namna hii utakuta hoja nyingi za maslahi ya mtoto, nazo ni hoja za haki. Usichokikuta kwa wepesi ni jaji kusema: nasoma orodha hii kuwa imefungwa, na sababu yangu ni hii. Waqfu nao hali yake ni hiyo hiyo. Haukutajwa, na haufanani vizuri na chochote kilichotajwa isipokuwa urithi, tena kwa kuukimbia.

Ibara ya 24 ina fundo gumu zaidi. Usawa mbele ya sheria ni wa wote, hilo ni neno la jumla. Kisha imewekwa ruhusa mahsusi: masharti ya usawa yatalegezwa kwa kiasi tu ambacho ni cha lazima kabisa ili sheria ya Kiislamu itumike kwa Waislamu mbele ya kadhi katika yale mambo manne. Mwishoni mwa Juni 2025, katika shauri lililotoka pwani, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa urithi wake kwa sababu hiyo, na kwamba ruhusa ile isomwe kwa wembamba. Masheikh wengi wa pwani waliipinga, kwani fiqhi inamrithisha mtoto huyo kwa mamake, si kwa baba.

Nadhani mgongano huo ulielezwa vibaya na pande zote mbili, kana kwamba ni dini dhidi ya katiba na basi. Kimbinu, mahakama haikufanya jambo geni kwa mwanausuli. Mahsusi huondoa katika jumla kile tu kilichothibiti kuondolewa. Kilichobaki kinabaki jumla. Risala haina ugomvi na hilo. Ugomvi uko kwenye kipimo: nani abebe mzigo wa kuthibitisha? Masheikh wanasema urithi umetajwa kwa jina, basi wote umetoka. Mahakama inasema kilichotajwa ni lazima, na kila kipande cha urithi kioneshe ulazima wake. Hapo hata maneno ya mbele yetu hayakosekani. Kinachokosekana ni makubaliano ya awali juu ya orodha iliyofungiwa ndani ya sharti isomwe vipi. Na lile sharti la wahusika wote kuwa Waislamu linazidi kutatiza. Sheria ya Urithi, tangu marekebisho ya 1990, haiugusi urithi wa marehemu Mwislamu, ikitazama dini ya aliyekufa. Ibara ya 170 inatazama dini ya walio hai. Yule mtoto Mkristo wa baba Mgiriama aliyesilimu anaweza kuikwepa mahakama ya kadhi, lakini hukumu ya Kiislamu ikamfuata hadi Mahakama Kuu.

Nimalizie kwa orodha ambayo haina jumla ndani yake hata kidogo. Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika Julai 1981, ilitolewa notisi ya wilaya 12 ambamo ardhi ya kilimo na mifugo ya asiyeacha wasia itagawanywa kwa mila, si kwa sheria hiyo. Tana River imo. Lamu imo. Kilifi haimo. Mgiriama asiye Mwislamu akifa bila wasia akaacha shamba Marafa, Kilifi, na jingine ng'ambo ya mpaka upande wa Garsen, Tana River, la Marafa linagawiwa watoto wote, wa kike kwa wa kiume. La Garsen linakwenda kwa mila, na binti aliyeolewa huenda asipate hata tuta moja. Hapa hakuna anayesema wilaya zilitajwa kwa kuwa ndizo za kawaida, ingawa mila za Kigiriama hazikubadilika kwa kuvuka mpaka. Orodha inasomwa kavu.

Lakini Katiba imekuja baada ya notisi ile, na ibara yake ya 2 inabatilisha sheria yoyote, mila ikiwamo, inayogongana nayo. Jumla ya baadaye imekutana na mahsusi ya zamani. Wanausuli walishagawanyika hapo: kwa Hanafi jumla iliyokuja nyuma inafuta mahsusi iliyotangulia, kwa Shafii mahsusi inaendelea kuibana jumla hata iwe imetangulia kwa miaka. Hakimu wa Garsen atakwenda njia ya Hanafi, kwa sababu Katiba ina daraja la juu na si kwa sababu ni ya baadaye. Wakili wa kaka za yule binti bado anaweza kumjibu kwamba Katiba hiyo hiyo inazitambua mila, na kwamba kilicho mahsusi kwa ardhi ya Tana River hakikufutwa kwa jina. Ataulizwa kwa nini jina linahitajika. Akijibu hilo vizuri, kesi ndiyo kwanza imeanza.